Kalprotektini 412 kwa mtoto njiti wa wiki tatu: ni ugonjwa wa utumbo?

Swali: Daktari, shikamoo. Naishi Tabata Segerea. Nilijifungua kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 33, baada ya chupa kupasuka na maji kutoka kwa siku mbili. Mtoto alikuwa na kilo 1.7. Alilazwa wodi ya watoto wachanga, akachomwa sindano za antibayotiki siku saba kwa sababu walisema CRP yake iko juu, kisha tukaruhusiwa. Sasa ana wiki tatu, ananyonya, amefika kilo 2 na gramu 50, ila jioni analia sana na tumbo linaunguruma. Tulimpima choo kwenye maabara ya kulipia. Majibu: kalprotektini 412, na pembeni wameandika kawaida ni chini ya 50. Damu iliyofichika nayo wameiona. Mtoto wa dada yangu alizaliwa kawaida, mimba imetimia, anatumia zaidi maziwa ya kopo, na alipopimwa hapohapo alipata 130. Mama mkwe anasema tatizo ni maziwa yangu na ule upasuaji. Je, mwanangu ana ugonjwa wa utumbo? Niache kunyonyesha? Chuchu zenyewe zimepasuka, naumia. Na mimba ijayo nifanyeje? Mama Nasra.

Jibu: Marahaba, Mama Nasra. Hongera kwa kumlea njiti mpaka akavuka kilo mbili.

Usiache kunyonyesha. Nimeliweka hilo mbele ili usome mengine ukiwa umetulia. Kwa mtoto wa wiki tatu anayenyonya na kuongezeka uzito, kalprotektini ya 412 haitoshi kusema ana ugonjwa wa utumbo. Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na ile "kawaida chini ya 50" iliyochapwa pembeni, maana hiyo ni kawaida ya mtu mzima. Mashine haijui kama choo kimetoka kwa mzee wa miaka sitini au kwa njiti wa Segerea. Inachapa kiwango ilichowekewa, na kikizidi inaweka alama nyekundu. Mzazi anaiona ile nyekundu na usiku halali.

Kalprotektini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, zile zinazotangulia mwili unapovamiwa. Magne Fagerhol na wenzake waliieleza huko Norway mwaka 1980. Moja ya kazi zake ni kuwanyang'anya bakteria madini ya zinki na manganizi wanayohitaji ili wazaliane. Nyutrofili zikiingia kwenye ukuta wa utumbo na kumwaga vilivyomo, protini hii hutoka na choo, na kwa kuwa haiharibiki upesi, maabara huweza kuipima hata baada ya siku kadhaa. Kwa watu wazima inatusaidia sana kutenganisha mwenye vidonda na uvimbe wa kweli wa utumbo na yule anayesumbuliwa na tumbo tu bila kidonda chochote. Hamsini ya kwenye karatasi yako imetoka huko.

Watoto wachanga ni habari nyingine kabisa. Wasio na tatizo lolote, waliotimiza miezi yao, wamepimwa katika nchi mbalimbali na namba zao hucheza kwenye mamia: 150, 200, 250, na wengine hupita 500 huku wananyonya na kulala vizuri. Namba hushuka polepole, na mtoto hukaribia kiwango cha mtu mzima akiwa na umri wa miaka minne hivi. Hata mtoto mmoja huweza kutoa namba mbili tofauti sana ndani ya wiki moja.

Sababu ni kwamba utumbo wa mtoto aliye tumboni haujawahi kuishi na bakteria wengi. Akizaliwa tu, ndani ya saa na siku chache wanaingia kwa mabilioni kutoka kwa mama, kwenye ngozi, kwenye maziwa, kwenye mikono ya manesi. Mwili unapeleka nyutrofili kuwakagua wageni. Wakati huohuo ukuta wa utumbo bado unavuja, seli hazijabanana sawasawa na ute unaoufunika ni mwembamba. Njiti ndiyo zaidi: amehamia kwenye nyumba ambayo bado ni pagale, madirisha hayajawekwa. Kwa hiyo kupanda kwa kalprotektini wiki za mwanzo, kwa sehemu kubwa, ni kinga inayojifunza kazi.

Na hapa ndipo kadi yako ya kliniki na karatasi ya ruhusa ya mtoto zinapokuwa na uzito kuliko hiyo karatasi ya maabara. Namba ya mtoto mchanga husomwa pamoja na habari za kuzaliwa kwake: wiki ngapi, uzito gani, chupa ilipasuka lini, alilia au alichoka, alitoka kwa njia gani, alipewa dawa gani, ananyonya nini, na ana siku ngapi. Kila moja ya hizo huisukuma namba. Kinachowachanganya hata wataalamu ni kwamba hazisukumi zote upande mmoja.

Tuchukue wiki za mimba. Kuna kiashiria kingine kinachofuatiliwa sana kwenye tafiti za utumbo wa watoto wachanga, kwa kifupi I-FABP. Ni protini ndogo inayobeba mafuta ndani ya seli zinazofunika utumbo mwembamba. Seli hizo zikifa kwa kukosa damu, protini inamwagika kwenye damu, figo zinaichuja, inatokea kwenye mkojo, yote ndani ya muda mfupi. Inaelekea kuwa kipimo kizuri kuliko kalprotektini, maana inatoka kwenye utumbo wenyewe wakati kalprotektini inatoka kwa askari waliotumwa huko. Lakini njiti ana seli chache za aina hiyo na kila seli ina akiba ndogo. Utumbo wake ukiumia, ishara inayotoka huweza kuwa ndogo kuliko ya mtoto aliyetimiza miezi aliyeumia kidogo tu. Kuzaliwa mapema kunaweza kukuza kiashiria kimoja na kukidunisha kingine kwa mtoto yuleyule, siku ileile.

Tena I-FABP ya mkojo huwa inagawanywa kwa kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ili kusawazisha mkojo mzito na mwepesi. Kwa mtu mzima hakuna shida. Kwa mtoto aliyezaliwa jana, kreatinini iliyo kwenye damu yake ni ya mama kwa kiasi kikubwa, na figo zake bado zinaamka. Hesabu nzima inayumba siku za mwanzo. Sijui kama kuna maabara ya mtaani itakayokuuzia kipimo hiki karibuni, lakini kikifika, uliza kwanza kimepangiwa viwango vya watoto wa wiki ngapi.

Sasa chupa. Maji yakitoka siku mbili kabla ya mtoto, njia inakuwa wazi kwa bakteria kupanda, na wakati mwingine utando na maji ya uzazi hushika maambukizi kabla mama hajapata hata homa. Mtoto humeza maji hayo. Utumbo wake huanza kuwaka mapema, wengine hata kabla ya kutoka, na damu ya kitovu huonyesha viashiria vya uvimbe vimepanda. Kwa sababu hiyo madaktari wa wodini walikuwa sahihi kumuanzishia Nasra dawa. Siku mbili za chupa iliyopasuka kwa mtoto wa wiki 33 si jambo la kusubiri uone.

Ila ile CRP "iliyokuwa juu" ina hadithi yake. CRP ni protini ya damu inayopanda mwili unapowaka au kuambukizwa, na hutengenezwa na ini la mtoto mwenyewe. Ya mama haivuki kondo. Ndani ya siku mbili za mwanzo hupanda kidogo hata kwa mtoto asiye na maambukizi, kwa sababu kuzaliwa kwenyewe ni msukosuko. Leba ndefu huipandisha, chupa kupasuka mapema huipandisha, mtoto kuchoka huipandisha, na kuvuta maji yenye kinyesi pia. Njiti kwa upande wake huwa na ini lisilopiga kelele sana, hivyo huweza kuwa na maambukizi na CRP ikabaki ya chini. Prokalsitonini, kipimo kingine ambacho hospitali kubwa zinacho, ni kigeugeu zaidi: hupanda kwa kila mtoto baada ya kuzaliwa, hufika kileleni karibu saa 24, kisha huporomoka ndani ya siku mbili au tatu. Namba inayotisha saa ya 24 ni ya kawaida, na namba hiyohiyo saa ya 80 ni hatari. Ndiyo maana karatasi ya mtoto mchanga isiyoandikwa saa aliyozaliwa na saa damu ilipotolewa mimi huwa nairudisha.

Dawa zenyewe nazo zinagusa utumbo. Antibayotiki hazichagui, zinafyeka wabaya na wema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2009, kwa watoto waliozaliwa chini ya kilo moja, ulikuta kwamba kadiri dozi za mwanzo zilivyorefushwa bila kuthibitisha maambukizi, ndivyo ugonjwa wa kuoza utumbo (nitaueleza mbele) na vifo vilivyoonekana zaidi. Hao ni watoto wadogo kuliko Nasra, na kuonekana pamoja si lazima kuwe kusababishana, lakini unaelewa kwa nini siku hizi tunakwepa kurefusha dawa pasipo sababu. Siku saba za Nasra zilikuwa na sababu. Na ninyi kina mama mliopasuka chupa mapema, kuna jambo moja la dawa linalostahili kujulikana. Jaribio lililoitwa ORACLE, matokeo yake yakatoka 2001, liliwahusisha wanawake 4,826 waliopasuka chupa kabla ya miezi kutimia. Erithromaisini ilionyesha faida kwa watoto. Dawa inayochanganya amoksilini na klavulaneti ilifuatana na ongezeko la ugonjwa wa kuoza utumbo kwa watoto. Tangu hapo mwongozo unasema mama wa aina hiyo apewe erithromaisini, na ule mchanganyiko uepukwe. Mtu asijinunulie dawa duka la dawa baridi maji yanapotoka. Aende hospitali, tena siku hiyohiyo.

Tuje kwenye upasuaji, maana naona ndiyo kesi uliyofunguliwa na mama mkwe.

Mtoto anayepita njia ya kawaida hukutana na bakteria wa mama yake, hasa wa kwenye utumbo. Wa upasuaji hukutana kwanza na ngozi na mazingira ya hospitali. Watafiti wa Uingereza walifuatilia choo cha watoto karibu 600, wakachapisha 2019: waliozaliwa kwa upasuaji wengi wao hawakuwa na bakteria wa kundi la Bacteroides siku za mwanzo, na walibeba zaidi wale wa hospitalini kama Enterococcus na Klebsiella. Tofauti ilipungua watoto walipokua na kuanza kula. Hivyo ndiyo, njia ya kujifungua inabadilisha nani anahamia kwanza kwenye utumbo. Lakini ukiuliza kama inabadilisha kalprotektini, tafiti zimepishana. Baadhi zimeona imepanda kwa watoto wa upasuaji siku za mwanzo, nyingine hazikuona tofauti yoyote. Mimi nikipanga kilichochangia ile 412, upasuaji nauweka mwishoni. Kuzaliwa wiki ya 33, chupa ya siku mbili, umri wa wiki tatu na maziwa ya mama vinatangulia vyote.

Ndiyo, maziwa ya mama. Baadhi ya tafiti, mojawapo ya Italia, zimekuta watoto wanaonyonya tu wana kalprotektini ya juu kuliko wa maziwa ya kopo, wote wakiwa hawana tatizo. Kunyonya kunaamsha kinga ya utumbo, na kinga iliyoamka inaonekana kwenye choo. Kwa hiyo binamu yake Nasra mwenye 130 hajamshinda mtihani. Alizaliwa miezi imetimia, anakunywa kopo, hakuwahi kuchomwa dawa: ni mtu mwingine mwenye historia nyingine. Kuwalinganisha hao wawili kwa namba ni kumuonea Nasra.

Wala usije ukaona kuwa basi kopo ni salama kwa utumbo kwa kuwa "limeshusha" namba. Alan Lucas na Tim Cole walifuatilia njiti 926 huko Uingereza na kuchapisha mwaka 1990. Waliolishwa maziwa ya kopo peke yake walipata ugonjwa wa kuoza utumbo mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopewa maziwa ya mama peke yake. Mpe mama mkwe takwimu hiyo kwa heshima zote, akiwa ameshakunywa chai.

Kwa wasomaji wengine wenye habari tofauti na ya Mama Nasra, kuna mambo mawili ya kuzaliwa ninayoyaogopa kuliko upasuaji. La kwanza ni mtoto kuchoka. Mtoto anayekosa oksijeni wakati wa leba hujihami kwa kupeleka damu kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali. Utumbo, figo na ngozi vinaachiwa makombo. Alama za Apgar, zinazoonyesha hali ya mtoto anapozaliwa, zikiwa chini, zile alizozieleza Virginia Apgar mwaka 1953 na ambazo manesi wetu huandika dakika ya kwanza na ya tano, tunajua utumbo nao huenda umepita njaa. Hapo ndipo hata mtoto aliyetimiza miezi anaweza kupata ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa njiti, na mara nyingi huja mapema, ndani ya wiki ya kwanza. Asidi ya laktiki kwenye damu hupanda, I-FABP hupanda, na kalprotektini huchelewa kufuata kwa sababu nyutrofili zinahitaji muda kufika.

La pili ni kondo la nyuma lililochoka. Kuna watoto wawili wa kilo 1.7. Mmoja ni wa wiki 33, uzito unaolingana na wiki zake. Mwingine ni wa wiki 37, amedumaa tumboni kwa sababu kondo halikumlisha, na altrasaundi ya mtiririko wa damu ilionyesha kwenye kitovu damu inasimama au kurudi nyuma moyo unapopumzika. Kwenye mizani ni sawa. Utumbo wa huyu wa pili ulianza kubaniwa damu wiki nyingi kabla hajazaliwa, na akianza kulishwa tunakwenda naye taratibu sana. Kilo peke yake hazisemi, na hili nimelikuta hata kwa madaktari vijana: wanauliza uzito, wanasahau wiki.

Upande wa pili wa mizani zipo sindano za kukomaza mapafu. Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha mwaka 1972 kwamba steroidi akichomwa mama kabla ya kujifungua mapema humsaidia mtoto kupumua. Baadaye, tafiti zilipokusanywa pamoja, ikaonekana zinakomaza utumbo pia na kupunguza ule ugonjwa wa kuoza. Angalia kwenye kadi yako kama ulichomwa deksamethasoni, steroidi ya aina hiyo. Kama ulichomwa, ni pointi ya Nasra.

Hiyo "damu iliyofichika" usiipeleke mbali. Umeandika mwishoni, karibu usahau, kwamba chuchu zimepasuka. Mtoto akinyonya chuchu yenye kidonda humeza damu ya mama, na kipimo hakina uwezo wa kujua ni damu ya nani; ni damu ya binadamu, kinasema ipo. Siku mbili tatu za mwanzo inaweza pia kuwa damu aliyomeza wakati wa kuzaliwa. Upo mtihani wa zamani, unaitwa Apt, ulioelezwa 1955, ambao ukimpata mtaalamu wa maabara mwenye subira unafanyika kwa vifaa vya kawaida. Choo chenye damu nyekundu mbichi huchanganywa na maji, huachwa kitulie, kisha maji mekundu ya juu hutiwa matone ya sodiamu haidroksaidi. Rangi ikibaki ya waridi, ni damu ya mtoto, kwa kuwa himoglobini ya kitoto haivunjwi kirahisi na dawa hiyo. Ikigeuka njano ya kahawia, ni ya mama. Hutaki hata kufika huko, kwa sababu wewe damu hujaiona kwa macho. Tibu chuchu kwanza. Nenda kwa nesi wa kliniki akuangalie mtoto anavyoshika titi: mdomo uwe wazi, sehemu kubwa ya weusi wa titi iingie kinywani, kidevu kiguse. Ukimaliza, kamua tone la maziwa ulipake na uliache likauke. Hakikisha pia kwenye kadi imeandikwa kwamba alichomwa vitamini K alipozaliwa, maana asiyechomwa anaweza kutokwa na damu kweli.

Jambo dogo la maabara: choo kilitolewa kwenye nini? Kama mlikikwangua kwenye pampasi, pampasi ilishanyonya maji yake, choo kikawa kizito, na namba ikapanda bila utumbo kubadilika. Foleni ya Barabara ya Mandela haiharibu kalprotektini, ila pampasi inaweza kuipotosha. Safari nyingine tandika kipande safi cha plastiki juu ya pampasi.

Sasa huo ugonjwa wa kuoza utumbo wenyewe. Tunauogopa, na jina lake wodini ni NEC: ukuta wa utumbo unawaka, unakosa damu, unaanza kufa, na ukitoboka mtoto anahitaji upasuaji. Wengi wanaoupata ni waliozaliwa chini ya kilo moja na nusu. Unafuata saa ya mimba kuliko kalenda ya nje: kadiri mtoto alivyozaliwa mapema, ndivyo unavyochelewa kujitokeza, na kilele chake huwa karibu na wakati ambapo mimba ingekuwa na wiki 30 hadi 32 au zaidi kidogo. Nasra alizaliwa wiki ya 33, sasa ana 36. Dirisha la hatari kubwa linafungwa, ingawa halijapigwa kufuli.

NEC haigunduliwi kwa kalprotektini. Wapo watoto wenye NEC ambao namba zao zimepanda sana, lakini zinapishana mno na za wasio nayo, na kila utafiti umependekeza mpaka wake. Kibaya zaidi, mtoto aliyezidiwa utumbo husimama, choo hakitoki, kipimo unakipata siku ambayo hukihitaji tena. Tunaugundua kwa kumshika mtoto na kwa picha ya eksirei inayoonyesha vipovu vya hewa ndani ya ukuta wa utumbo, na ukali wake tunaupanga kwa ngazi alizoziweka daktari Bell mwaka 1978.

Kwa hiyo weka karatasi chini, mfunue mtoto tumbo. Likiwa laini, hata kama linaunguruma, na mtoto anadai titi, sina wasiwasi. Lakini tumbo likijaa na kuwa gumu linang'aa, akitapika kijani, akitoa choo chenye damu unayoiona, akilegea na kukataa titi, akisahau kupumua, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, hata kimoja tu kati ya hivyo, usingoje asubuhi. Toka Segerea nenda Hospitali ya Amana usiku huohuo. Wao wakiona kuna haja watakupeleka Muhimbili.

Kama hakuna hata moja, hakuna haja ya kurudia kipimo wiki ijayo. Mpeleke kliniki apimwe uzito. Njiti wa umri wake tunapenda aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku, na hiyo ni habari ya utumbo wake iliyo bora kuliko 412. Endelea kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu mliyofundishwa wodini, tena na baba yake ashiriki. Jaribio lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani, lililochapishwa 2021 na ambalo Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano, liliwaanzishia kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, na vifo vikapungua kwa robo. Nasra ni wa uzito huohuo. Joto, maziwa, na bakteria wa ngozi yako badala ya wa wodini: utumbo wake unafaidika na vyote vitatu.

Mimba ijayo, subiri angalau miaka miwili kutoka kujifungua. Siku ya kwanza ya kliniki sema kwamba chupa ilipasuka mapema na ulijifungua wiki ya 33, maana linaweza kujirudia na wanapaswa kukufuatilia kwa karibu. Kujifungua kawaida au kwa kisu kutaamuliwa na kovu lako na sababu ya upasuaji wa kwanza. Bakteria wa choo wasiingizwe kwenye mjadala huo.

Kilichobaki ni kilio cha jioni. Najua kwa majirani huo umeshaitwa mchango, na chupa ya dawa ya majani au ya gripe water iko njiani kama haijafika. Usimpe. Njiti wa wiki tatu hapewi maji, wala majani, wala kitu chochote zaidi ya maziwa yako na dawa alizoandikiwa hospitali. Ndani ya hizo chupa kuna sukari na bakteria ambao hatuna hesabu nao. Watoto wachanga hulia zaidi jioni, kilio huongezeka mpaka wiki ya sita hivi, kisha hupungua chenyewe. Kwa njiti wiki hizo sita huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo jioni ngumu zaidi za Nasra bado hazijafika. Pangeni zamu na baba yake na huyo mama mkwe. Kazi ya kubembeleza yeye anaijua kuliko sisi wote.